Beseni la Bluu

Miaka kumi na tisa nimekaa
mita arobaini juu ya bandari ya Klaipėda,
kwenye kiti cha kreni kilichopasuka ubavuni,
nikishusha makontena taratibu, kama mayai.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa.
Haisemwi ni nguo ipi.

Miezi minne nilimficha Danguolė.
Nilipoona damu niliisingizia supu ya bitiruti,
na kwetu, msimu wa joto, supu hiyo haikosekani mezani:
uongo ukapata shahidi.

Daktari Eimantė, binti wa kumzaa mwenyewe,
alinilaza kwa ubavu, magoti kifuani,
akaniuliza kama kutoka huko juu naiona Uswidi.
Nikasema naiona mvua kabla haijafika.
Tayari, akasema. Hakuna kisu, hakuna uzi:
pete mbili za mpira, nyembamba kama tambi,
zimeikaba bawasiri shingoni
mpaka ikauke, idondoke yenyewe
kama kitovu cha mtoto.

Usiku wa kwanza nilibeba uzito usio na jina,
haja inayobisha hodi,
ukifungua hakuna mtu.
Danguolė akapanda darini
akashuka na beseni la bluu tulilomwogeshea Ugnius,
ambaye sasa anachomelea meli huko Bergen na ana ndevu.
Akapima maji kwa kiwiko, kama zamani.
Nikakaa, mwanamume wa kilo mia,
magoti yakigusa kidevu.
Hakucheka.
Alicheka niliposhindwa kuinuka.

Uji wa shayiri. Mbegu za kitani. Plamu kavu sita, kwa hesabu yake.
Choo nilikiogopa kama mtoto aliyepoteza ada ya shule.
Siku ya saba, nadhani ndiyo siku yenyewe:
sikusikia kitu,
tone moja, kisha maji meupe.
Nilitaka kukaa kidogo nishukuru,
lakini niliambiwa nisikawie pale.

Wiki ya pili nikarudi juu
na mto ulioshonwa kwa koti langu kuukuu.
Kila saa nasimama, naitazama bahari ya kijivu, nakaa tena.
Redioni Zenonas akauliza: Mgongo?
Mgongo, nikajibu.

Jioni, tulipobaki wawili penye makabati ya nguo,
alikuwa akifunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.
Huyo daktari wako wa mgongo, akasema,
anaitwa nani?
Nikaandika jina juu ya pakiti yake ya sigara,
na chini yake, kwa herufi kubwa:
BESENI.