Tulishakuaga

Ijumaa ya kwanza nilifika viatu vimelowa.
Hapa Salala, mwezi wa saba, mvua hainyeshi:
inaning'inia tu hewani
kama mtu aliyesahau alichojia.
Ngamia walikuwa wameshushwa kutoka milimani,
wamejaa barabarani, na dereva Musallam
akawapigia honi mara moja, kwa adabu,
kama anayebisha hodi.
"Kanisa lenu lile, nyuma ya ukuta.
Saa sita nitakuwa hapa. Mama hapendi kuchelewa."

Sikuona mnara. Sikusikia kengele.
Geti la chuma, malapa, miavuli,
na nyimbo tatu kutoka kumbi tatu,
kila moja ikimkanyaga mwenzake vidole.
Nikaufuata wimbo ulionukia ubani.
Kwetu Kilema ubani niliujua wa chetezoni tu,
wa Pasaka, wa maziko ya wakubwa.
Sikujua kama una mti,
na kwamba mti wenyewe uko huku,
nyuma ya mlima, juani, unachanjwa.

Mwisho wa misa padre alisema jambo.
Watu wanne wakasimama.
Nikawaza: hao wageni, nami mgeni.
Nikasimama.
Kanisa zima likanyoosha mikono juu yetu,
na mama mmoja, Kunjamma, muuguzi,
akanikumbatia akalia
hadi kilemba changu kikalowa upya.
Nikasema moyoni: jamani,
watu wa hapa wanajua kupokea!

Ni kwenye chai ndipo Luzviminda,
mwenye Kiswahili cha kuokota
jikoni kwa Wakenya, huko Dubai,
akaniuliza: "Wewe nakwenda lini?"
"Kwenda wapi? Nimekuja Jumanne."
Baltazar alicheka akaliweka birika chini.
Nilikuwa nimeagwa kabla ya kukaribishwa,
nimeombewa ndege, mizigo, na mume wa kunipokea.
Wakanipa sambusa. Wakanipa ya pili.
Ya tatu wakaifunga kwenye karatasi ya fedha,
nikaila usiku, chumbani, bila kuwasha taa.

Miaka minne, Ijumaa moja kwa mwezi.
Toa zile ambazo mtoto wa nyumba alikuwa na homa.
Desemba Baltazar hutandika pangoni
majani makavu ya kulishia ngamia;
ngamia wetu wa plasta ana miguu mitatu,
huegemezwa kwa mamajusi.
Januari upepo wa jangwani: tunaimba na mchanga,
tunautafuna pamoja na amina.
Mei kiyoyozi hukohoa kuliko wazee.
Kisha ukungu tena, milima kijani ghafla,
na magari kutoka Riyadhi, familia nzima,
wamekuja kutazama mvua.
Mvua! Sisi tuliokua tukiikinga kwa ndoo chini ya bati bovu.

Watu hawakai. Benchi la Arockia
sasa ni la kijana wa Gulu asiyeimba.
Kunjamma aliondoka Kwaresima,
alisimama peke yake, nami nilinyoosha mikono yote miwili.
Kanisa hili halizeeki na mtu.
Linakujua kwa mkataba.

Leo mwezi wa nane, mkataba wangu umeisha.
Bibi wa nyumba amenifungia ubani kilo mbili,
ameufunga yeye mwenyewe, kwa kitambaa cha kichwa chake,
hakusema neno.
Padre ni mwingine, jambo ni lile lile.
Nikasimama.
Na kutoka upande wa birika,
kwa Kiswahili nilichomfundisha mimi:
"Afrosina, keti. Wewe tulishakuaga."
Waliojua wakacheka. Wasiojua wakawafuata.

Nikaketi. Kweli nikaketi,
mikono ikapita juu ya kichwa changu ikienda kwa wengine.
Nje Musallam akapiga honi
mara moja, kwa adabu.