Goti la Tatu

Fomu ya wizara iliuliza: mnunuzi wenu ni nani?
Lamwaka aliandika "waliokanyaga bomu," akafuta,
akaandika "jeshi."
Ruzuku ikaja nusu. Nusu nyingine ingojee ripoti.

Katika karakana yake, nyuma ya soko la Gulu,
goti la kwanza lilikatika kama muhogo mkavu;
la pili lililia kila hatua, kwi, kwi,
watoto wakalifuata.
La tatu, lenye springi ya pikipiki,
alilijaribu koplo mstaafu Obwona:
mlangoni, uani, barabarani,
hakugeuka.

Usiku, ripoti mezani, mbele ya neno Matokeo
palikuwa na mstari mmoja tu.
Akaandika: Sampuli imeondoka kwa miguu.
Haijarudi.