Nakala Mbili

Seva yangu ni laptopu kuukuu, kioo kimekufa,
nimeilaza juu ya kabati, Konde,
kando ya sanduku la marehemu mama.
Hunong'ona usiku kucha kama mtu ahesabuye.
Niandikacho Wete mchana
hukikuta nyumbani kabla sijavua viatu.

Jana, ofisini, daftari la mikopo ya karafuu,
mbele ya jina la Hamad Faki
niliandika: Ashitakiwe.
Saa nane umeme ukakatika Konde.
Neno likakwama Wete.

Usiku taa zikarudi.
Mkewe alishapita;
hakuomba kitu, aliacha kikapu cha shokishoki,
akaulizia kifua changu.
Nikalifungua daftari lile lile,
mbele ya jina pakiwa peupe bado:
Asubiriwe vuli.

Leo asubuhi nimekuta nakala mbili.
Seva haikufuta hata moja.
Jina moja, saa mbalimbali,
mwandishi yuleyule.
Yataka niiambie ipi ibaki.

Mwanaisha kasimama mlangoni, ataka kuchapa.
"Tayari, bwana?"
Nimekishika kipanya.
Kwenye kucha zangu
wekundu wa maganda haujatoka.