Kizito Hukawia

Kwenye karatasi kiliitwa Kituo cha Biashara ya Nje.
Watu wa Katuba wakauliza: nje ya wapi?
Nje ya Kasumbalesa tunaijua, foleni ya malori,
vumbi, karani anayelala na muhuri mfukoni.
Nje hii nyingine ilikuwa juu ya bomba refu la moshi,
juu ya ule mlima mweusi wa makapi ya tanuri,
juu hata ya ndege za Luano,
mahali ambapo mvua ya Novemba haijawahi kufika.

Kilianza na vyumba vitatu na choo kimoja.
Hayo hayamo katika kitabu cha serikali.
Kitabu kina picha ya utepe na mkasi;
hakina Kapend Mutomb, fundi wa kuchomelea,
aliyeunga mlango wa ghala huku kamba imemkaza kiunoni
kama mbuzi wa Krismasi,
akitukana kwa Kilunda, na redio za Kamalondo zote zikimnasa.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka ng'ambo ya Mwezi,
makoti yao mepesi, maneno yao mepesi zaidi.
Walisukuma kipande cha shaba kwa kidole kimoja.
Kikaelea.
"Mnaona? Hakina uzito.
Kitu kisicho na uzito kina bei gani?"
Maofisa wetu wakatazamana. Mizani ilisoma sifuri.
Siku arobaini shaba yetu ilikwenda kwa sifuri na asante.

Ndipo akapandishwa mama yangu,
Kabedi Musau, muuza unga wa soko la Kenya,
kwa kuwa ofisa mmoja alikuwa na deni lake la mifuko miwili
na alijua kwa uchungu kwamba yule mama hapunjiki.
Alipanda na kitambaa chake kichwani,
kapenta wakavu ndani ya gazeti,
na mpira wa ndani wa baiskeli ya baba.

Akafunga mpira ukutani, akafunga shaba kwenye mpira,
akavuta, akaachia.
Akahesabu kwa sauti, kama anavyohesabu meka za unga.
Akafunga kipande kingine, akaachia tena.
"Chepesi kinarudi mbio," akasema,
"kama mtoto aliyetumwa chumvi, hajaijua dunia.
Kizito hukawia kurudi.
Haya, lipeni kukawia."

Wakalipa. Miaka kumi na saba walilipa.
Vyumba vitatu vikawa sitini na kimoja.
Palikuwa na mkahawa ambapo bukari iliganda darini
na wageni wakaipiga picha.
Palikuwa na mgomo: wapakiaji walidai dirisha,
siku sita, wakapewa dirisha,
likaelekea jua, hakuna aliyeweza kulitazama.
Kobalti ikapita, malakiti ikapita,
na mara moja jeneza, lililoandikwa "vifaa".
Hilo nililipiga muhuri mimi mwenyewe.

Halafu bei ikaanguka.
Sijui mengi; nilikuwa karani wa forodha huku chini,
nilichokiona ni karatasi.
Karatasi zikapungua, zikaacha kutaja shaba,
zikaanza kutaja taa, nani ameizima, nani atalipia.
Mkataba wa mama ulikuwa wa miezi mitatu.
Orodha ya walioshuka nimeisoma mstari kwa mstari:
jina lake halimo.
Orodha ile nyingine nimeisoma pia.
Halimo.

Saa moja kasoro dakika kumi, jioni,
kituo hupita juu ya Katuba kikitokea upande wa Kipushi,
punje moja ya unga iliyoponyoka kwenye chujio.
Dada yangu Ngoie hushusha sufuria, akatoka na mwiko mkononi.
Majirani husema yule mwanamke ametusahau,
watu wa juu huwa hivyo.

Hatubishani nao.
Nahesabu kwa sauti ile ya kupimia unga,
na bado sijafika kwenye namba
ya kuandika.