Mshipi

Jouni kanitumia mshipi kwa posta kutoka Tampere.
Ndani umekunjwa mfuko wa hewa,
kama wa gari, kasema, ila gari ni wewe, mama.
Nyonga yangu ya kushoto ina chuma tangu Pasaka ya mwaka juzi.

Nauvaa juu ya koti.
Sokoni Kuopio, kijana wa samaki huniuliza:
mimba ya miezi mingapi, bibi Hilkka?
Inakaribia elfu, namjibu,
nipimie vizuri.

Jana barafu ya ngazini ilinichukua mguu.
Nikadaka nguzo. Nikasimama.
Kuteleza si kuanguka,
lakini mshipi haukufundwa methali:
puu! ukavimba kiunoni mwangu,
na huko Tampere simu ikalia.

“Mama, umeanguka?”
“Sijaanguka.”
“Mashine inasema umeanguka.”

Nilimsikia anavyohema,
katoka mbio mkutanoni,
huyu asiyepiga ila Jumapili,
dakika nne, hali ya hewa, kwaheri.

Basi nikajishusha thelujini,
taratibu, huku nimeshika nguzo,
nikakalia upepo wangu.

“Haya, nipo chini, Jouni.
Sijavunjika.
Wewe zungumza.”