Lete

Ilikuja kwa kilo, ndani ya kasha la vyuma chakavu
kutoka karakana ya shamba la mkonge lililokufa njia ya Pongwe:
spana zilizopoteza wenzao, bomba la grisi, mnyororo,
na hii.

Mpini wa mti, mweusi kwa jasho la mtu.
Gurudumu la meno, kubwa kama kisahani.
Mkono wa kuzungushia. Na mdomoni, badala ya ncha,
meno mawili mafupi, ya panya.

Gereji yetu ya Barabara ya Kumi na Sita ikaacha kazi.
Shekiondo akasema ni keke ya seremala, akaikandamiza kwenye ubao:
haikutoboa, ilikwaruza tu, mara huku, mara kule.
Mbwego akasema ni ya kupigia mayai,
mke wa meneja alipenda keki.
Jaswinder wa duka la vipuri akaipindua kutafuta maandishi;
herufi zimelika, imebaki E na nusu ya namba.
"Babu angeijua," akasema, akanirudishia
kwa mikono miwili, kama mtoto wa watu.

Mimi kilichoninyima usingizi ni kimoja:
unazungusha mbele, mbele tu, hukomi,
na yale meno yanakwenda nusu, yanarudi.
Yanakwenda. Yanarudi.
Chombo gani hiki kinachotengua kazi yake chenyewe?

Siku ya tatu naichezea mlangoni, kre-kre, kre-kre,
Bi Mwanasha anapita na kikapu cha mihogo, akasimama.
Hakutazama. Aligeuza sikio kwanza,
kama anayeitwa toka nyumba ya pili.
"Nani anasaga valvu?"

Tukacheka. Hakucheka.
Alitua kikapu, akafuta kiganja kwa kanga, akaichukua,
kifua kikaegemea mpini
bila kutafuta pa kuegemea.
"Valvu zenu za leo zina vichwa vitupu.
Zile zilikuwa na vitobo viwili. Humo ndimo meno yanamoingia."

Alikuwa na miaka tisa. Baba yake fundi wa malori ya singa,
bega lake liliangukiwa na jeki,
basi yeye kushindilia, binti kuzungusha.
"Ukisaga upande mmoja, inajichora mifereji.
Lazima iende, irudi, na kila ikirudi ipungukiwe kidogo,
ihame, ihame,
mpaka valvu na kiti chake vijuane pande zote."
Kisha mafuta ya taa: unamimina, unangoja.
Yakivuja, anza upya.
"Nimelia sana mimi, juu ya mafuta ya taa."

Shekiondo akaomba jina la chombo, chaki mkononi,
aliandike ukutani palipo picha za spana.
Bi Mwanasha akafikiri. Zikapita bodaboda tatu.
"Jina," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza analikosa.
"Baba alikuwa ameinama ndani ya boneti,
ananyoosha mkono nyuma bila kugeuka.
Alisema: lete.
Nami nikajua ni hii."

Akajitwika kikapu chake.
Mihogo miwili ilibaki juu ya benchi, karibu na kabureta,
na mpaka tunafunga hatujakubaliana
kama ni zawadi, au alisahau.