Kichochoro Kisichokuwapo

Hortensia Maturana alichora ramani kwa miguu.
Valparaíso haichoreki kwa kukaa:
ngazi huzaa ngazi, nyumba hukalia mabega ya nyumba,
na njia iliyokupandisha asubuhi
jioni hukuteremsha kwenye ua wa mtu, mbwa akikutazama.
Miaka kumi na minane, jozi sita za viatu,
nami nyuma yake na utepe wa kupimia,
nikihesabu vidato kwa sauti.

Katika ramani nzima alitia uongo mmoja.
Nyuma ya kiwanda cha sabuni, pasipo kitu ila ukuta na miiba,
alichora kichochoro chembamba kama uzi,
akakiandika Nélida.
"Mwizi hatembei," aliniambia akichonga penseli.
"Mwizi hunakili. Siku moja atapita hapa."

Nélida alikuwa dada yake. Sikuuliza zaidi.

Ya arobaini ilikuja na rangi za kupendeza:
kampuni ya Santiago, ramani ya simu,
sauti ya mwanamke ikikuambia geuka, geuka.
Tuliipekua kwa vidole viwili, tukikuza, tukikuza:
kiwanda, ukuta,
Nélida.

Mimi nilipiga meza. Yeye alikaa.
Maana toleo lile hatukuwahi kulichapisha;
lilikuwa ndani ya kompyuta tu, nyuma ya neno la siri,
na neno la siri, alininong'oneza kwa aibu,
lilikuwa nelida. Herufi ndogo. Bila hata namba.
Jina moja alilifanya mtego, akalifanya na ufunguo.

Wakili wao alikuwa na meno mazuri.
"Mji ni wa wote," alisema. "Nani anamiliki barabara?"
Kweli, barabara hazina mwenyewe.
Lakini magoti yaliyozipanda yana mwenyewe,
na lile kosa, jamani, lile kosa lina mwenyewe.

Jaji akavua miwani.
"Bibi Maturana, sema kwa kiapo:
mahali hapa papo, au hapapo?"

Jibu la neno moja, na kesi ilikuwa yetu.
Alitazama mikono yake.
Nikakumbuka kila mwaka alivyokipitia kichochoro kile kwa wino mpya,
njia nyingine zote akiniachia mimi.
"Hapapo," akasema. "Hapajawahi
kuwapo."

Tulilipwa. Wakafuta mstari usiku uleule,
ukuta ukarudi kuwa ukuta, miiba miiba.
Naye akabadili neno la siri: herufi ishirini,
namba, nyota, alama za mshangao;
hakuna awezaye kulibahatisha,
wala kulipenda.

Juzi nilipita nyuma ya kiwanda.
Watalii wawili wenye simu isiyosasishwa
walisimama mbele ya ukuta, wakigeukageuka.
Wakaniuliza, kwa Kihispania cha kuokoteza,
Nélida ni wapi.
Nilitaka kuwaambia hiyo ni ramani ya wizi.
Nikanyoosha mkono kwenye miiba:
"Mmefika."